Mihuri Minne kwenye Barua ya Baba

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Bibi aliponivuta mguu kitandani akasema basi halimsubiri mtu. Basi lilitusubirisha sisi mpaka saa tatu. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa bweni kwa sababu mmeniuliza mara nyingi, na mnajua mimi nikisimama kuongea mbele ya watu maneno yananikimbia. Mambo ya tiketi nayaruka, hayana utamu.

Kwanza mjue tulikuwa tunakwenda kufanya nini. Baba ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, sisi tunaita jinari. Zamani jinari ilikuwa ya ushirika. Sasa imenunuliwa na kampuni ya watu binafsi, na meneja mpya aliwaita mafundi akawaambia mashine mpya zinakuja kutoka India, na asiyekwenda kuzisomea ataondoka pamoja na mashine za zamani. Baba akachaguliwa. Akatangulia Dar es Salaam kushughulikia pasipoti. Wiki tatu baadaye ndipo barua ya mwaliko ikafika, imeletwa na dereva wa lori la pamba kutoka Mwanza: karatasi mbili za kampuni ya India inayotengeneza mashine, zinazosema tunamwalika fulani, tutamlaza, tutamlisha, tutamfundisha wiki sita. Bila hizo ubalozi haumpi viza. Na meneja alishasema: Jumatatu ya mwisho wa mwezi awe na uhakika Baba ameondoka, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Mama alikuwa na mtoto mchanga na pamba shambani inapasuka. Kumpa kondakta barua alikataa katakata. Basi nikatumwa mimi, kwa kuwa ninasoma, na Bibi, kwa kuwa haogopi mtu.

Bariadi, kabla hatujaondoka

Tulipokaa stendi bila basi kutokea, Bibi akaniomba aione hiyo karatasi. Bibi hajui kusoma. Aliigeuza mbele na nyuma, akapitisha kidole kwenye picha ya mashine iliyo juu na sahihi ya wino wa buluu iliyo chini.

"Muhuri uko wapi?" akauliza.

Nikamwambia hauna, wenzetu wanatia sahihi tu. Akanitazama kama nimesema wenzetu wanatembea uchi.

Hapa lazima niwaeleze habari ya ng'ombe. Zamani Bibi na marehemu Babu walipeleka ng'ombe kumi na mmoja mnadani. Kibali walikuwa nacho, kimeandikwa vizuri, ila geti moja la njiani walipita bila karatasi kugongwa muhuri kwa kuwa mhusika alikwenda kunywa chai. Geti la mwisho wakazuiliwa. Ng'ombe wakafungiwa siku nne bila malisho, na mtamba mmoja mwenye mimba akafa. Tangu hapo Bibi anaamini karatasi inayopita njiani bila kugongwa ni karatasi ya mwizi. Kwake barua ya Baba ilikuwa kibali. Mwanawe ndiye anayesafirishwa, kwa hiyo kila geti ligonge.

Akaniambia nilinde mizigo. Akaondoka na barua kuelekea ofisi ya kata, kitenge kimefungwa kifuani. Mimi nilijua. Mwalimu wetu wa biashara alishatufundisha kwamba barua ya mtu haiandikwi juu yake kitu. Ningeweza kumkimbilia nikamwambia. Nilibaki nimeshikilia begi, najiambia labda katibu kata hayupo.

Katibu kata alikuwepo. Bibi alirudi anatabasamu, na chini kushoto pamekaa duara la zambarau lenye jina la kata yetu. Alisema katibu aliuliza maswali mawili tu na kumsifu kwa kufuata utaratibu.

Mpaka Lamadi

Basi lilikuja saa tatu, likapata pancha kabla ya Dutwa, likapata nyingine baada ya Dutwa. Kila liliposimama Bibi alishuka na kusalimia watu. "Mwangaluka," anawaambia, na wao wanajibu, na baada ya "mhola" mbili tatu anajua ukoo wao. Mimi nilikaa ndani nikala matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo Bibi alijaza mfuko mzima kana kwamba Dar es Salaam kuna njaa.

Lamadi tulifika mchana, harufu ya dagaa imejaa barabara nzima. Ilibidi tungoje gari la kwenda Mwanza, tukaagiza ugali na sato. Samaki alikuwa mkubwa kuliko sahani, mkia unaning'inia nje. Nilikuwa bado nanawa mikono nikamwona Bibi anavuka barabara kuelekea kizuizi cha ukaguzi wa mifugo, barua mkononi.

Safari hii nilimfuata. Mkaguzi alikuwa kijana mnene amekaa kwenye kiti cha kamba. Alisoma barua yote, au alijifanya anaisoma, maana ilikuwa ya Kiingereza, akasema kwa heshima, "Bibi, mimi nahusika na mifugo."

"Najua, ng'wanawane," akamwita kama mtoto wake. "Mimi mwanangu anahusika na mashine. Lakini njia si ni hii hii?"

Yule kijana alinitazama mimi, msomi, nimsaidie. Niliangalia miguu yangu. Nafikiri aliona kubishana ni kazi kuliko kugonga, akavuta droo akagonga. Tulipokaa tena mezani nikasoma: IMEKAGULIWA, na chini yake, MIFUGO. Baba yangu amekaguliwa Lamadi pamoja na ng'ombe. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikala samaki.

Mwanza

Tulivuka daraja la mto Simiyu jua likianza kulegea, Mwanza tukalala kwa binamu yake Mama. Siku ya pili treni ilikuwa ya jioni, na kutwa nzima tulikaa stesheni, maana Bibi hakuamini saa ya mtu yeyote.

Muhuri wa tatu sikuushuhudia. Nilikwenda msalani. Niliporudi Bibi alikuwa amefanya urafiki na mama mmoja wa ofisi ya vifurushi, wanaongea habari za wakwe, na barua ilikuwa imeshagongwa tarehe pembeni. Yule mama alisema ni tarehe tu, haina ubaya. Kwa kweli ile ilikuwa ndogo na imekaa pembeni, nikajifariji kwamba barua bado inasomeka yote na sahihi iko wazi.

Kwenye treni

Nataka niwaambie ukweli wote hapa, ingawa ndipo pananiuma.

Asubuhi na mapema tuliamka kwenye behewa letu tukamkuta mzee mpya kiti cha mbele, alipanda Malampaka sisi tumesinzia. Alikuwa amevaa koti la kaunda suti lililopigwa pasi likang'aa viwiko, na kamkoba ka ngozi anakapakata kama mtoto. Ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba cha huko Ipililo. Bibi na yeye walipoanza kuzungumza Kisukuma hawakumaliza mpaka Tabora.

Alikuwa anakwenda Dodoma kuuliza chama chao kiishi au kife. Alisema zamani msimu kama huu wakulima wanapanga foleni kwake na magunia mpaka giza, anagonga stakabadhi mpaka kiganja kinavimba. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na mizani yao nyuma ya gari, wanapima chini ya mti, wanaondoka. Hakulalamika. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza mvua ilivyonyesha. Akafungua mkoba akatuonyesha muhuri wa chama na pedi ya wino. Alisema huwa anaitia wino mwenyewe isikauke, japo tangu msimu uanze hajagonga karatasi hata moja.

Bibi akatoa barua.

Mzee aliisoma taratibu, midomo inatembea. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alipomaliza akasema hii ni barua ya heshima. Kisha akanigeukia mimi.

"Binti, wewe ndiye unayesoma. Niigonge?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo njia nzima. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu stendi ya Bariadi. Lakini nilimtazama yule mzee na muhuri wake mkononi, nikamtazama Bibi, nikatikisa kichwa: ndiyo.

Akafungua pedi. Akapuliza muhuri. Akausimamisha juu ya karatasi kwa mikono miwili, akaukandamiza vizuri, juu ya sahihi ya buluu. Kwenye chama chao muhuri unakaa juu ya sahihi ili mtu asiighushi. Alipoinua, sahihi ya yule Mhindi haikuonekana tena. Palikuwa na mche wa pamba na maneno CHAMA CHA MSINGI.

Bibi alimshukuru kwa matobolwa mawili makubwa.

Tabora tulikaa saa saba, wanasema mabehewa ya Kigoma hayajafika. Watu walishuka wakapika chai kando ya reli. Mimi sikushuka. Niliikunja barua nikaiweka kwenye daftari langu la shajara, nikaandika maneno haya tu: Nimekubali mwenyewe. Kwenye stesheni ya Saranda Bibi alinunua kuku wa kuchoma akanilazimisha kula paja, na nilikula lote, maana hata mwenye majuto ana njaa, lakini sikusikia ladha. Pale Dodoma yule mzee aliposhuka alinipa mkono akasema kwangu anamwona mtoto wake. Sijui kwa nini hilo ndilo lilinitoa machozi. Bibi akadhani nimemzoea.

Dar es Salaam

Tulitakiwa kufika Ijumaa asubuhi. Tulifika Ijumaa saa nane mchana, na ubalozi ulikuwa unapokea maombi asubuhi tu. Baba alitupokea stesheni. Amekonda, lakini shati safi. Akamsalimia mama yake kwa kupiga goti kidogo, akanishika bega, akanyoosha mkono kuomba barua.

Aliitazama. Akaitazama tena kwa kuigeuzia kwenye mwanga. Halafu akakaa juu ya begi letu pale pale, watu wanapita na mizigo.

Bibi akamweleza kwa fahari: Bariadi, Lamadi, Mwanza, na ndani ya treni yenyewe, hakuna geti lililobaki. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia mama yake, "Ahsante, mayu. Umechoka sana." Mpaka leo nikikumbuka hilo naona Baba yangu ni mtu wa namna gani.

Jioni tukiwa kwa ndugu yetu Temeke, Bibi amekwenda kuoga, ndipo akaniuliza.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Huu wa juu ya sahihi?"

"Aliniuliza mimi. Nikasema ndiyo."

Baba akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema Jumatatu twende wote, mimi nitaeleza vizuri kuliko yeye, Kiingereza chake ni cha spana na mafuta. Siku mbili zile sikulala vizuri. Nilikuwa natunga sentensi kichwani na kila nikiifikisha katikati nasahau inaanzaje.

Jumatatu tulipanga foleni tangu saa kumi na mbili. Bibi tulimwacha nje kwenye kivuli cha ukuta, ameketi juu ya khanga yake na mfuko wa matobolwa, anasalimia walinzi. Tulipofika dirishani kulikuwa na ofisa mzee wa miwani. Alipokea pasipoti, fomu, picha. Alipofika kwenye barua akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Akauliza, kwa Kiingereza, idara ya mifugo ina uhusiano gani na mwaliko huu.

Baba akanitazama. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Sentensi zote nilizotunga siku mbili hazikuwepo. Nikaanza na ng'ombe. Najua ni kichaa, lakini ndiyo kitu pekee kilichonijia: nilimwambia bibi yangu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Nikasema kuhusu geti na chai na mtamba aliyekufa. Nikaenda muhuri kwa muhuri, huu ni wa nani, huu ni wa nani. Nilipofika wa nne nikasema huu ni kosa langu, niliulizwa na nilijua, nikakubali kwa sababu niliona haya.

Nilimaliza, nikagundua hata mlinzi wa mlangoni anasikiliza.

Ofisa hakucheka. Aliuliza bibi mwenyewe yuko wapi. Nikaonyesha nje. Akainuka kidogo kwenye kiti, akamtazama kupitia dirisha, Bibi akamwinulia mkono kumsalimia. Kisha akakaa akasema sheria ni sheria, sahihi isiyoonekana hawezi kuipokea. Lakini kampuni ikituma barua nyingine kwa faksi, moja kwa moja ubalozini, isipite mkononi mwetu hata sekunde moja, ataipokea. Mwisho kesho saa sita mchana. Akaandika namba ya faksi kwenye kipande cha karatasi akanipa mimi.

Tukakimbia. Siku hizi mjini kuna vibanda vya simu na faksi vya watu binafsi kila kona, tukaingia cha kwanza. Niliandika mimi, Baba akasimama juu ya bega langu akitaja jina la mashine na la bwana aliyetia sahihi. Faksi ikaingia kwenye mashine nusu, umeme ukakatika. Mgao. Kijana wa kibanda akasema utarudi jioni, au kesho, Mungu akijalia. Cha pili nacho giza. Mtaa mzima giza. Baba akaniuliza kule India sasa hivi ni saa ngapi. Nikapiga hesabu: wako mbele saa mbili na nusu, yaani ni karibu saa tisa mchana. Ofisi zao zitafungwa.

Tulitembea kwa miguu mpaka tukasikia jenereta inanguruma nyuma ya duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa na faksi yake mwenyewe, si ya biashara. Hapo Baba ndiye aliyeongea, na aliongea vizuri ajabu. Alisikiliza jenereta kwanza, akamwambia mwenye duka plagi moja inakosa, ndiyo maana inakohoa. Yule bwana akasema mafundi wawili wameshindwa. Baba akaomba spana. Dakika ishirini baadaye jenereta ilikuwa inaimba, na faksi yetu ilikuwa imekwenda India, na sisi tumepewa soda na sambusa za nyama. Sijawahi kula sambusa tamu kama zile, na Baba alikula mikono ina grisi.

Lakini kama kule walikuwepo wa kuijibu, hatukujua.

Jumanne tulikaa ndani ya ubalozi kuanzia dirisha lilipofunguliwa. Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Safari hii Bibi aliingia nasi, kwa kuwa walinzi walishakuwa ndugu zake. Baba alikuwa anatazama mikono yake. Saa tano kasorobo yule ofisa akatokea mlango wa pembeni badala ya dirishani, ameshika karatasi imejikunja kama za faksi zinavyojikunja. Alisema ilifika alfajiri, kabla hajaingia kazini.

Nikakaa chini. Baba alifunika uso kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo kidogo, akavitoa akaomba radhi. Ofisa akasema pasipoti ichukuliwe Jumatano mchana. Kisha akamrudishia Bibi ile barua ya mihuri minne, akanituma nitafsiri: hii asafiri nayo mwanao, huwezi kujua mageti ya mbele yakoje.

Nikatafsiri. Bibi akanijibu kwa Kisukuma nimwambie huyu baba ana akili, na muhuri wake mwenyewe uko wapi, mbona hajagonga. Sikumtafsiria hilo la mwisho. Lakini Jumatano pasipoti ilipotoka, Bibi alifungua ukurasa wenye viza, akaugusa kwa ncha ya kidole kuona kama wino umekauka, akaifunga akamkabidhi Baba.

Kurudi

Alhamisi tulimsindikiza uwanja wa ndege. Kupitia wavu tulimwona akitembea kuelekea kwenye ngazi, akageuka mara moja, akapanda. Bibi alikaa akitazama ndege mpaka ikawa nukta. Akasema kumbe kule juu hakuna geti.

Treni ya kurudi haikuchelewa hata kidogo, kwa hiyo sina la kusimulia. Nililala njia nzima. Jumapili jioni tulikuwa Bariadi, Mama amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, tukamwambia ameondoka, Mama akaingia ndani haraka akatuletea maji ya kunawa ili tusimwone uso.

Asubuhi yake, Jumatatu ile ya meneja, niliamka kabla ya Bibi makusudi nikaenda jinari peke yangu. Saa moja na nusu nilikuwa getini. Mlinzi aliniuliza nina shida gani, nikasema namtaka meneja, na sauti ilitoka. Meneja alikuwa uani, magunia ya pamba yanashushwa, nyuzi nyeupe zimemkaa kwenye nywele. Nilimwamkia nikamwambia Baba ameondoka Alhamisi.

Akaniuliza nimeleta karatasi gani ya kuthibitisha.

Nikasema sikuleta karatasi. Nilimwona kwa macho yangu akipanda ndege, mimi na Bibi.

Alinitazama. Sikuangalia miguu yangu. Akamwita karani, akamwambia jina la Baba libaki kwenye orodha, akageukia magunia yake.

Nilipitia shambani. Mama alikuwa mstari wa tatu, anachuma kwa mikono miwili, mtoto amelazwa kwenye kivuli. Hakuniuliza kitu. Aliniona ninavyotembea, akanirushia mfuko, nikaanza mstari wa nne.